Saa Ndani ya Fuvu

Kwenye milima ya Antioquia, kaskazini-magharibi mwa Kolombia, kuna familia ambazo watu wake huanza kusahau wakiwa bado wanasomesha watoto. Dalili huanza, kwa wastani, mtu akiwa na miaka 44: anauliza jambo, anajibiwa, na muda si mrefu analiuliza tena kwa sauti ileile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akifika 49, kwa wastani tena, hawezi kuendesha maisha yake bila mtu wa kumshika mkono. Wenyeji waliuita ugonjwa huu la bobera, yaani uzuzu, na kwa vizazi kadhaa waliueleza kama watu wa kwetu wanavyoeleza jambo lisiloshikika: laana, kurogwa, dhambi ya mababu. Katika miaka ya 1980 daktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Antioquia, Francisco Lopera, alianza kuwafuata wagonjwa hawa mmoja baada ya mwingine, akiuliza nani kazaliwa na nani, na nani alianza kusahau akiwa na umri gani, huku nchi ikiwaka kwa vita vya waasi na magenge ya dawa za kulevya. Mwaka 1995 ikajulikana duniani jeni iitwayo PSEN1, iliyo kwenye kromosomu ya 14, na kasoro moja ndogo ndani yake ndiyo iliyokuwa ikiwaandama watu wa Antioquia. Anayeirithi kutoka kwa baba au mama karibu hakika ataugua, na kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata, kama kurusha shilingi. Ukoo huu wa watu wapatao 6,000 ndio mkubwa kuliko wote wanaojulikana duniani kuwa na Alzheimer ya kurithi.

Alzheimer ya namna hii ni adimu. Haifiki hata asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Wagonjwa wengine, mamilioni kwa mamilioni, hupatwa uzeeni bila jeni moja inayoweza kunyooshewa kidole. Lakini uadimu huo umeipa sayansi kitu ambacho mamilioni hao hawawezi kukitoa: mtu mzima mwenye afya, anayelima, anayefanya biashara, anayekumbuka madeni ya kila mteja wake, na ambaye tayari inajulikana kwamba ataugua na takriban lini. Tangu mashine za kupiga picha za ubongo zionyeshe mabadiliko kwa watu kama hao miaka 15 au zaidi kabla ya dalili, habari zimekuwa zikitangazwa kana kwamba madaktari wamepata ramli isiyokosea. Naona hapo ndipo mambo yanapopinda. Picha ya ubongo ni saa. Jeni ndiyo inayosema kwamba mtu ataugua. Picha inasema ugonjwa umefika wapi njiani. Saa ina kazi kubwa, nami naitetea hapa. Ila saa ile ile ikiuzwa kama ramli kwa mtu asiye na ukoo wa namna hii, inamtia mtu hasara ya fedha na ya usingizi.

Inafaa kuitazama kwa karibu. Ugonjwa wa Alzheimer huacha takataka za aina mbili ndani ya ubongo. Ya kwanza ni vipande vya protini iitwayo amiloidi, vinavyoganda nje ya seli kama ukoko unavyoshika chini ya sufuria. Ya pili ni protini ya tau, ambayo hujisokota ndani ya seli zenyewe mpaka zinakufa. Kwa karibu miaka 100 tangu Alois Alzheimer azieleze mwaka 1906, njia ya hakika ya kuziona ilikuwa kungoja mgonjwa afe, kuukata ubongo vipande vyembamba na kuvitia rangi chini ya hadubini. William Klunk na Chester Mathis wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliichukua rangi ya maabara ya aina hiyo, wakaibadilisha ili iweze kupenya kutoka kwenye damu hadi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, kisha wakaibandika kaboni yenye mionzi. Mgonjwa wa kwanza alidungwa sindano hiyo huko Uppsala, Uswidi, mwaka 2002. Rangi ikikutana na amiloidi inanata. Isipoikuta, damu inaisafisha na kuiondoa. Kaboni iliyobandikwa hufyatua chembe ndogo iitwayo positroni, nayo ikigongana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili inayokimbia pande mbili, mgongo kwa mgongo. Mgonjwa kalala, kichwa chake kimezungukwa na pete ya vipokezi. Vipokezi viwili vinavyotazamana vikiguswa kwa wakati mmoja, kompyuta inachora mstari kati yao: tukio limetokea mahali fulani juu ya mstari huo. Mistari ikizidi na kukatana, picha inajitokeza yenyewe, hapa pamenata, pale hapakunata. Kipimo hiki ndicho kinachoitwa PET.

Dawa hiyo ya kwanza ina shida ya kijikoni kabisa: haikai. Kaboni yake hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 20, kwa hiyo ikikaa saa moja imebaki thumni. Lazima ipikwe ndani ya hospitali ileile, kwa mashine iitwayo saiklotroni, na kukimbizwa chumba cha pili. Dawa zilizofuata zinatumia florini, ambayo hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. Hiyo unaweza kuipakia kwenye gari na kuipeleka upande wa pili wa jiji, mradi foleni isikushike.

MRI, mashine ambayo wasomaji wengi wameisikia au wamelala ndani yake, inafanya kazi nyingine. Haitumii mionzi ya nyuklia. Ni sumaku kubwa, yenye nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira, na inazipanga chembe za haidrojeni zilizo kwenye maji ya mwilini. Mawimbi ya redio yanazisukuma, mashine inasikiliza zinavyorudi mahali pake, na makelele yake ni kama mafundi wanaopigilia bati juu ya kichwa chako. Kwa kawaida MRI haionyeshi amiloidi wala tau. Inaonyesha umbo na ukubwa. Jicho la daktari wa Alzheimer huenda moja kwa moja kwenye hipokampasi, kijisehemu kilichojikunja kama farasi wa baharini, ambacho bila hicho jambo la leo haliwi kumbukumbu ya kesho. Kwa wazee wenye afya sehemu hii husinyaa kwa asilimia moja na kitu kwa mwaka. Kwa wagonjwa wa Alzheimer husinyaa kwa zaidi ya asilimia 4. Katika ugonjwa wa Huntington, ndugu wa mbali wa Alzheimer katika ukoo wa maradhi ya kurithi yanayoua seli za ubongo, kinachosinyaa mapema ni viini viwili vya katikati ya ubongo vinavyosaidia kuongoza mwendo, na kusinyaa huko kumepimwa kwa watu ambao bado wana miaka mingi ya kutembea vizuri.

Sasa saa yenyewe. Mwaka 2012 yalitoka matokeo mawili makubwa. La kwanza lilitoka Antioquia: watu 50 wa ukoo ule, baadhi wenye kasoro na baadhi wasio nayo, walipigwa picha ya PET. Kwa wenye kasoro, amiloidi ilionekana kuanza kujikusanya wakiwa na umri wa wastani wa miaka 28, ikapanda kwa kasi kwa karibu miaka 9, halafu ikasimama kabla ya 40. Yaani ukoko ulianza kushika miaka 16 hivi kabla ya swali la kwanza kurudiwa, na ulikuwa umeshakamilika mtu akiwa bado mzima kwa macho ya kila mtu. La pili lilitoka kwenye mtandao wa watafiti wa Alzheimer ya kurithi uitwao DIAN, ulioanzishwa mwaka 2008, makao yake yakiwa Washington University, St. Louis, Marekani. Hawa walichukua watu 128 na kuhesabu miaka kwa kufuata umri ambao mzazi wa kila mmoja alianza kuugua. Amiloidi katika maji ya uti wa mgongo ilianza kubadilika miaka 25 kabla ya umri huo. Picha ya PET ikaanza kuonyesha ukoko miaka 15 kabla. Kusinyaa kwa ubongo kukaonekana katika kipindi hichohicho. Na ubongo kushindwa kula sukari kama kawaida kukaja miaka 10 kabla. Baadaye, watafiti wakiongozwa na Yakeel Quiroz wa Boston, mwenyewe mzaliwa wa Kolombia aliyeanza kazi hii chini ya Lopera, walionyesha kwamba tau huanza kuenea karibu na hipokampasi watu wa Antioquia wakikaribia miaka 40, takriban miaka 6 kabla ya dalili. Kwa hiyo mishale haisogei pamoja. Amiloidi ni mshale wa saa, unaotembea mapema na polepole. Tau ni mshale wa dakika, na ukiuona unatembea ujue muda umekwenda.

Msomaji makini atauliza: nani alifuatwa miaka 25? Hakuna. Tafiti hizi za 2012 zilipanga watu wa umri mbalimbali kwenye mstari mmoja, kijana hapa, mtu mzima pale, mgonjwa mwishoni, na kuusoma mstari huo kana kwamba ni maisha ya mtu mmoja. Ni njia halali, na waliofuatwa miaka mingi baadaye wameuunga mkono mpangilio huo kwa sehemu kubwa. Lakini ina maana kwamba ile miaka 16 ni ya kundi. Kwa mtu mmoja mmoja, mshale unaweza kuwa umewahi au umechelewa kwa miaka kadhaa, na hakuna daktari mwaminifu anayeweza kumwambia mama wa miaka 33 kwamba mwaka fulani, mwezi fulani, ataanza kupotea njia.

Kama ni hivyo, saa hii ina faida gani? Faida yake iko kwenye kutafuta dawa. Fikiria kazi ya mtafiti wa zamani. Anataka kujua kama dawa inazuia ugonjwa. Inabidi awape watu wazima wenye afya dawa hiyo na kungoja waugue au wasiugue, na kungoja huko kunaweza kula kazi yake yote. Mwenye saa anaweza kuchagua watu walio kwenye saa ileile ya ugonjwa, akatazama kama mishale inapungua mwendo, na akapata fununu katika miaka michache badala ya mingi. Jaribio la Antioquia la dawa iitwayo crenezumab, lililoanza mwaka 2013, lilijengwa juu ya wazo hilo, na mpangilio wake unastahili kusimuliwa kwa sababu naona ndio uzuri wake mkubwa kuliko dawa yenyewe. Waliingia watu 252 wasio na dalili. Kati yao 169 walikuwa na kasoro ya jeni. Waligawanywa, wengine wakapewa dawa, wengine sindano isiyo na dawa ndani. Wale 83 waliobaki hawakuwa na kasoro kabisa, na wote walidungwa sindano tupu. Kisayansi tu hawakuhitajika kwa idadi hiyo. Waliwekwa ili kuwa ndani ya jaribio kusimsaliti mtu. Ukimwona jirani yako anapanda basi kwenda Medellín kudungwa sindano, hujui kama amerithi au hakurithi, naye mwenyewe hajui, na hakuna aliyelazimika kujua ili asaidie. Watu 83 walikubali miaka mitano na zaidi ya sindano na mashine, na kwa hilo, bila kujua, wakaificha siri ya binamu zao.

Matokeo yalitangazwa mwezi Juni 2022: dawa haikuzuia wala kuchelewesha ugonjwa kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Hapa mpinzani ana haki ya kusimama. Anaweza kusema: mmekuwa mkipima ukoko miaka yote, je, mna hakika kwamba ukoko ndio unaounguza ubongo? Huenda mnatazama moshi mkidhani ni moto. Ni hoja nzito, na jibu lake la kuvutia kuliko yote lilitoka ndani ya ukoo uleule. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa na kasoro ya PSEN1 sawasawa na ndugu zake, lakini miaka 44 ilipita, 49 ikapita, 60 ikapita, na kumbukumbu yake ikaanza kulegea tu alipoingia miaka ya 70. Alipelekwa Boston akapigwa picha. Amiloidi ilikuwa imejaa ubongo wake kwa wingi kuliko hata ndugu zake waliougua wakiwa vijana. Tau ilikuwa kidogo. Uchunguzi wa jeni ukaonyesha kwamba amerithi nakala mbili za mabadiliko mengine adimu, yaitwayo Christchurch, katika jeni ya APOE, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Miaka minne baadaye ikatangazwa habari ya mwanamume wa ukoo huohuo aliyekaa na akili timamu hadi miaka 67 akilindwa na mabadiliko katika jeni tofauti kabisa. Yeye alikuwa na amiloidi nyingi na tau nyingi pia, isipokuwa katika kipande kimoja kidogo cha ubongo kilicho jirani na hipokampasi, mlango wa kumbukumbu kwa lugha nyepesi, ambacho kilikuwa kimebaki safi kuliko ilivyotarajiwa.

Mpinzani atasema watu hawa wawili wanavunja saa. Mimi naona wameirekebisha. Bila picha, mama yule angebaki hadithi ya kijiji, bibi aliyeponyoka kwa rehema za Mungu, na hakuna ambaye angejua ameponyoka nini. Picha ndiyo iliyosema: hakuponyoka amiloidi, aliponyoka tau. Kutoka hapo watafiti wakaenda kuwatafuta ndugu wenye nakala moja tu ya Christchurch, wakawapata 27, na mwaka 2024 wakaripoti kwamba hata nakala hiyo moja inachelewesha dalili kwa takriban miaka 5. Sasa kuna watu wanaojaribu kutengeneza dawa itakayoiga kile ambacho mwili wa mama yule ulikifanya wenyewe. Na kuhusu amiloidi, mlango haujafungwa. Dawa kama lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, huiondoa na kupunguza kasi ya Alzheimer ya kawaida kwa takriban asilimia 27 katika miezi 18, faida ndogo inayokuja na hatari ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Katika familia za DIAN, wachache waliopewa dawa nyingine ya kundi hilo kwa muda mrefu kuliko wenzao, kwa wastani miaka 8, walionekana mwaka 2025 kuwa na nusu ya hatari ya kuanza dalili. Lakini walikuwa watu 22 tu. Mtu hajengi nyumba juu ya watu 22. Anaweza kuchimba msingi.

Pingamizi la pili ni la moyoni, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Kama tiba haipo, kwa nini umwonyeshe mtu saa ya kifo cha akili yake? Ugonjwa wa Huntington umetufundisha mengi hapa, kwa kuwa jeni yake ilipatikana mwaka 1993 na tangu hapo kipimo cha damu kinaweza kumwambia mtu bila utata kama ameirithi. Wengi walidhani watu watapanga foleni. Hawakupanga. Katika nchi nyingi zilizohesabu, chini ya mtu mmoja kati ya watano walio hatarini ndiye anayeamua kupima. Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikufa kwa Huntington na ambaye alikaa miaka mingi na familia za Ziwa Maracaibo huko Venezuela akikusanya damu iliyowezesha jeni hiyo kupatikana, alichagua yeye mwenyewe kutopima. Mwaka 2020 alisema hadharani kwamba ugonjwa umemfikia. Hakuna atakayemwita mwoga au mjinga wa sayansi. Kutojua ni haki, na kuna watu ambao wanaishi vizuri zaidi kwa haki hiyo.

Tatizo ni kwamba picha haiijui haki hii. Picha ina mdomo. Kijana wa miaka 32 wa Antioquia akionekana ana amiloidi, daktari hana haja ya kipimo cha damu: kwa umri huo na ukoo huo, picha imeshataja jeni. Na haimtaji yeye peke yake. Mjukuu akipatikana nayo ilhali babu aliugua, basi mzazi aliye kati yao, ambaye pengine alikataa kupima maisha yake yote, ameshapimwa bila kuulizwa. Majibu ya mtu mmoja katika ukoo hayabaki kuwa ya mtu mmoja. Kwa hiyo ridhaa inayotakiwa kabla ya mtu kulala kwenye mashine hizi ni nzito kuliko ile ya kupiga picha ya goti, na mtu anapaswa kuambiwa mapema, kwa lugha yake, ni majibu gani atapewa, yapi yatabaki kwa watafiti, na nani mwingine atakuwa ameguswa. Mpangilio wa wale 83 unaonyesha kwamba utafiti mkubwa unaweza kufanyika bila kumvunjia mtu siri yake, pakiwa na nia na bajeti.

Yote niliyoyasema yanahusu watu wenye jeni inayojulikana. Ukiitoa picha nje ya uzio huo, maana inamwagika. Chukua wazee wa miaka 70 wenye akili timamu, wasio na historia yoyote ya kurithi, uwapige PET: takriban mmoja kati ya wanne au watano atakutwa na amiloidi, na wengi wao watakufa kwa jambo lingine wakiwa wanakumbuka majina ya wajukuu wote. Ukoko uleule ambao Antioquia una tarehe, kwa mzee huyu hauna. Hata MRI ya kawaida kwa watu wenye afya hukuta kitu ambacho hakikutafutwa, uvimbe mdogo au mshipa uliotuna, kwa karibu watu 3 kati ya 100. Baadhi huokolewa, wengine huanza safari ndefu ya vipimo kwa jambo ambalo lisingewadhuru kamwe. Ndiyo sababu nazitilia shaka biashara za kupima ubongo mzima kwa mtu yeyote mwenye fedha na hofu, ambazo katika nchi tajiri zimeshaanza kutangazwa kama huduma ya saluni. Zinauza saa isiyo na namba.

Kuna wanaosema mjadala huu utapitwa na wakati kwa sababu damu itaishinda picha. Wana hoja. Mwezi Mei 2025 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer kwa watu wenye dalili, na protini ya tau katika damu, ile ya aina inayoitwa p-tau217, inaashiria amiloidi ya ubongoni kwa usahihi ambao ungeshangaza miaka kumi iliyopita. Bomba la damu linasafiri kwenye kisanduku cha barafu, saiklotroni haisafiri. Lakini damu inasema kuna moto nyumbani, haisemi uko chumba gani. Kisa cha yule mwanamume wa Antioquia, ambaye siri yake ilikuwa katika kipande kidogo kando ya hipokampasi, kisingejulikana kwa damu hata ingekamuliwa lita nzima. Naona damu ikifanya kazi ya kuchuja, na picha ikibaki kwa swali la wapi.

Afrika Mashariki iko wapi katika haya? PET na saiklotroni ziko Nairobi, na kazi yake kubwa ni saratani, kama inavyostahili. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wahandisi wa huko wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha kwa siku 11 mashine ya MRI ya sumaku ndogo, karibu tesla 0.05, ilhali za hospitali kubwa huwa na 1.5 au 3. Lengo lake ni watoto wenye maji kichwani, ambao hali yao inaonekana hata kwenye picha yenye ukungu. Kwa tofauti ya asilimia chache katika hipokampasi, picha hiyo bado ni hafifu mno. Mtu anaweza kusema basi habari hizi ni za wenzetu, turudi kwenye malaria. Lakini wazee wa kwetu wanasahau pia: katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika miaka ya 2009 na 2010 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 6 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kupotewa na akili. Je, miongoni mwa familia za huku hakuna hata moja ambayo baba, shangazi na babu walianza kusahau wakiwa na miaka 50, na watu wakasema ni mkono wa mtu?

Hilo swali halihitaji saiklotroni. Namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa ya Antioquia, 44 na 49, hazikutoka kwenye mashine yoyote; kabla ya hizo, watafiti wa PET wangeona ukoko kwenye ubongo wa mtu wa miaka 28 wasijue ni wa nini wala umebakiza miaka mingapi. Zilitoka kwenye michoro ya ukoo iliyoanza kuchorwa kwa kalamu na Lopera na wauguzi wake miaka zaidi ya 20 kabla ya picha zile, wakikaa kwenye benchi jikoni kwa watu, wakimuuliza bibi mmoja baada ya mwingine: mumeo alianza lini kuuliza jambo moja mara mbili?